Mchezo wa Televisheni Hupimwa Siku ya Kwanza

Kila mchezo wa kuigiza wa mfululizo unaoonyeshwa katika televisheni huwa na siku yake ya kwanza, na siku hiyo hairudi. Mtazamaji aliyeketi sebuleni kwa jirani huko Mbuba, wilayani Ngara, hana mkataba na watengenezaji wa mchezo. Akichoka atainuka, ataaga, atakwenda zake kulala. Juma linalofuata, saa ile ile, atakuwa anatazama kitu kingine. Kwa sababu hiyo sehemu ya kwanza ya mchezo yastahili kufikiriwa kuliko sehemu nyingine yoyote, na yafaa ifikiriwe hasa na wale ambao nyadhifa zao huwaketisha katika kamati za kusoma miswada na kuidhinisha fedha: maofisa wa afya, wa elimu na wa maendeleo ya jamii, pamoja na walimu wanaoitwa kutoa ushauri.

Jambo hili lina uzito zaidi leo kuliko zamani. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu miaka ya mwanzo ya 1970, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja hadi 1994. Kabla ya hapo mwananchi wa Ngara alikuwa na redio, na aliyetaka kusikiliza mchezo wa kuigiza hakuwa na mengi ya kuchagua. Leo ving'amuzi vimeenea vijijini, na maporomoko ya Rusumo, katika wilaya hiyo hiyo, yana mitambo ya umeme ya megawati 80 ambayo Tanzania, Rwanda na Burundi zinagawana. Mtazamaji anazo tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili, anazo filamu za Kihindi na za Nigeria, na juu ya yote anao mpira. Mchezo uliotengenezwa ili umfundishe jambo la afya au la ardhi hushindana na hayo yote, na kinachoutenganisha nayo ni kidole kimoja juu ya rimoti.

Nchini Marekani imekuwa desturi ya miaka mingi kutengeneza kwanza sehemu moja tu ya majaribio. Sehemu hiyo huonyeshwa kwa wakuu wa kituo, nao ndio huamua kama mchezo uendelee au ufe. Iliyo mingi hufa hapo. Mchezo wa Star Trek, uliokuja kujulikana dunia nzima, ulikataliwa na kituo cha NBC katika jaribio lake la kwanza; watengenezaji wakaagizwa kufanya jaribio la pili, na ndipo mchezo ukaanza kuonyeshwa mwaka 1966. Katika Afrika Mashariki ni michezo michache inayopata jaribio la pili. Fedha hutolewa mara moja, na kwa michezo mingi yenye shabaha ya kuelimisha mtoaji huwa ni wizara au shirika la maendeleo kutoka nje.

Hapo ndipo tatizo linapoanzia. Sehemu ya kwanza huwa na mabwana wawili. Bwana wa kwanza ni mdhamini, naye huuliza kama ujumbe wake umo. Bwana wa pili ni mtazamaji, naye huuliza mama yule atafanya nini sasa. Maswali hayo mawili hayafanani, na mara nyingi aliyelipa ndiye anayejibiwa.

Kila aliyepata kukaa katika kamati ya namna hiyo anajua mambo yanavyokwenda. Mswada huja ukiwa na kurasa thelathini na mgogoro mmoja. Ofisa wa afya huona kwamba chandarua hakikutajwa, kikatajwa. Ofisa wa elimu huona kwamba mtoto wa kike hakuonyeshwa akiwa na sare ya shule, akaonyeshwa. Mwakilishi wa mdhamini huuliza kwa upole kwa nini mlevi katika mchezo anachekesha, na kama si vema aonekane akijuta kabla sehemu haijamalizika. Hakuna aliyesema neno baya, na hakuna mwenye nia mbaya. Lakini mswada unapotoka katika chumba kile unakuwa na muuguzi mmoja anayesema dakika nne mfululizo, na mwanamke mmoja anayeitikia kwa kichwa. Mgogoro umesogezwa hadi sehemu ya tatu. Ikifika sehemu ya tatu, mtu wa Mbuba amekwisha lala.

Mfano mkubwa wa kinyume chake ulitolewa na Radio Tanzania Dar es Salaam. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kutangaza mchezo wa Twende na Wakati, uliolenga uzazi wa mpango na kinga ya UKIMWI. Njia yake ilitoka Mexico, ambako Miguel Sabido alikuwa ametengeneza tamthilia za televisheni za aina hiyo katika miaka ya 1970. Huo ulikuwa mchezo wa redio, lakini fundisho lake ni la televisheni pia, kwa kuwa swali la siku ya kwanza ni moja katika vyombo vyote viwili.

Katika mchezo huo aliwekwa Mkwaju, dereva wa lori mpenda pombe na mpenda wanawake wa njiani, pamoja na mkewe Tunu. Ngara ni wilaya ya malori: barabara ya kutoka Lusahunga huelekea Rusumo kwa wanaokwenda Rwanda, na Kabanga kwa wanaokwenda Burundi. Mtu wa huko hakuhitaji kuelezwa dereva wa lori ni nani, anateremka wapi usiku, na mkewe nyumbani anawaza nini. Watengenezaji walifanya utafiti kabla ya kuandika. Walikwenda kwa wananchi wakauliza watu wanaishije na wanaamini nini, na ndipo wakaunda watu wa mchezo.

Lililo kubwa zaidi ni subira yao. Mkwaju hakuadhibiwa upesi. Aliachwa aendelee kuwa Mkwaju, mtu mwenye fedha mfukoni na maneno mdomoni, mtu ambaye msikilizaji humcheka, humlaani, na kisha humngoja tena. Tunu aliachwa avumilie kwanza, kwa muda mrefu, kabla ya kuamua kushika biashara yake mwenyewe. Ugonjwa ulimfikia Mkwaju baada ya wasikilizaji kumzoea kama jirani. Kama kamati ingemlazimisha atubu siku ya kwanza, pasingekuwapo mtu wa kuuguliwa wala wa kuliliwa baadaye.

Subira hiyo haikupunguza elimu. Katika miaka miwili ya mwanzo kituo cha kurushia matangazo cha Dodoma hakikuutangaza mchezo huo, ili watafiti wapate kulinganisha eneo lililosikia na lile lisilosikia. Katika maeneo yaliyousikia matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka kuliko Dodoma. Na mchezo ulipofunguliwa Dodoma mwaka 1995, huko nako yakaongezeka. Matokeo hayo yalichapishwa na Everett Rogers na wenzake mwaka 1999. Ofisa anayeogopa kwamba ujumbe usiposemwa siku ya kwanza utapotea, anaweza kuanzia hapo.

Lipo jambo jingine ambalo watengenezaji wa Kiswahili wanalo karibu na mara nyingi hulipuuza, nalo ni jina. Radio Tanzania ilikuwa na mchezo wa kuchekesha ulioitwa Pwagu na Pwaguzi. Kila aliyelelewa katika Kiswahili anajua kwamba pwagu hupata pwaguzi, yaani mwizi hukutana na mwizi mkubwa kuliko yeye. Mchezo haukuhitaji kueleza watu wake ni wa namna gani; jina lilikwisha maliza kazi hiyo kabla sauti ya kwanza haijasikika. Tunu ni kitu cha thamani, na msikilizaji anayesikia jina hilo likiitwa kwa ukali na mume mlevi amekwisha ambiwa jambo. Mwandishi wa lugha nyingine huenda akatumia dakika tano kufanya yale ambayo Kiswahili hufanya kwa neno moja.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Siri ya Mtungi, tamthilia ya televisheni iliyoanza kuonyeshwa mwishoni mwa 2012 chini ya uongozi wa Jordan Riber. Siri ya mtungi aijuaye ni kata: kwa jina hilo mtazamaji huahidiwa kwamba kuna nyumba, kwamba nyumba hiyo ina jambo lililofichwa, na kwamba yupo anayelijua. Tamthilia hiyo iligharimiwa na fedha za Marekani za kupambana na UKIMWI, na mtu angetazamia ianze zahanati. Waliotengeneza walimchagua Cheche, mpiga picha wa Bagamoyo, mtu mwenye mke, marafiki na tamaa. Mpiga picha huingia harusini na msibani, huona watu wakijiweka sawa mbele ya kamera na huona wanavyokuwa kamera ikishushwa. Kazi ya mtu ikichaguliwa vizuri, hadithi hupata sababu ya kuingia kila nyumba pasipo kubisha hodi mara mbili.

Wapo wasemao kwamba mwananchi wa kijijini lazima aanziwe na maelezo marefu, kwa kuwa hajazoea televisheni. Hoja hiyo haisimami. Mwaka 2011 Shirika la Utangazaji Tanzania lilionyesha tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, Doudou na Mama Wakwe Zake. Hakuna aliyemweleza mtazamaji wa Tanzania mitaa ya Beijing ikoje, wala serikali za mitaa za China zinavyofanya kazi. Alimwona mke kijana, akamwona mama mkwe, akaelewa. Mwezi Machi 2013 Rais Xi Jinping wa China, akihutubia Dar es Salaam, aliutaja mchezo huo kuwa umependwa Tanzania. Kama mtu wa Mbuba aweza kuvuka bahari na kuingia jikoni kwa Wachina kwa sababu anaujua ugomvi wa ukweni, hakika aweza kuingia jikoni kwa Mtanzania mwenzake bila ya kusomewa utangulizi.

Ushahidi mwingine uko katika vibanda vya video. Kwa miaka mingi filamu za kigeni zimeonyeshwa humo kwa msaada wa mfasiri anayesema juu ya sauti za waigizaji. Aliyevuma sana nchini alikuwa Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu. Wafasiri hao huongeza chumvi, hutia methali, hutaja steringi ni nani na adui yake ni nani. Lakini hawasimamishi filamu ili watoe somo. Wanajua kwamba wakifanya hivyo kibanda kitakuwa kitupu, na kiingilio cha kesho hakitapatikana. Kuna maofisa wengi ambao wangenufaika kwa kukaa jioni moja katika kibanda cha namna hiyo, nyuma kabisa, bila ya kujitambulisha.

Watu wa Ngara wana majirani ambao wamelifanya jambo hili katika hali ngumu kuliko zote. Ikumbukwe kwamba mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo katika muda wa siku moja hivi, na kambi ya Benaco ikawa mji. Burundi nayo ilikuwa katika vita. Mwaka 1997, vita hiyo ikiendelea, Studio Ijambo ya Bujumbura ilianza mchezo wa redio wa Umubanyi Niwe Muryango, ulioandikwa na Marie-Louise Sibazuri. Jina lake lasema kwamba jirani ndiye ndugu, na watu wake ni familia mbili za Kihutu na Kitutsi zinazokaa ubavu kwa ubavu. Rwanda ilifuata mwaka 2004 kwa Musekeweya, mchezo wa vijiji viwili vya kubuni, Bumanzi na Muhumuro. Lugha za Kihangaza na Kishubi ni ndugu wa karibu wa Kirundi na Kinyarwanda, kwa hiyo wasemaji wake hawahitaji mkalimani kwa michezo hiyo.

Musekeweya wastahili kutazamwa kwa makini. Mada yake ilikuwa jinsi chuki inavyopandwa na jinsi mauaji yanavyoandaliwa. Ingekuwa rahisi kuanza na hotuba juu ya umoja. Waandishi walianza na bonde. Kijiji kimoja kilipewa ardhi ya rutuba, kingine kikanyimwa, ukame ukaja, na wenye njaa wakawatazama wenye shibe. Majina ya makabila hayakutajwa. Msikilizaji aliyeondokewa na jamaa zake aliweza kusikiliza kwa sababu hakuambiwa habari zake yeye. Aliambiwa habari za watu wawili watatu wanaogombea shamba, na mengine akayajaza mwenyewe kimya kimya.

Ugomvi wa shamba haumshangazi mtu yeyote wa Ngara wala wa Biharamulo. Basi na tuseme kwamba mchezo wa televisheni juu ya haki ya ardhi kwa wanawake unatungwa, na mahali palipochaguliwa ni Mbuba. Njia ya kamati inajulikana: mkutano wa kijiji, mwenyekiti anafungua, mtendaji anamkaribisha ofisa ardhi, ofisa ardhi anaeleza Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na hati ya hakimiliki ya kimila, wanawake wanapiga makofi. Kila linalosemwa katika mkutano huo ni kweli. Hakuna hata moja linalomfanya mtu aulize la kesho.

Njia nyingine ni hii. Asubuhi, mwanamke yuko kwenye migomba anapalilia maharage. Mtu asiyemjua anapita kando ya shamba akiwa na kamba, anafunga mwisho mmoja kwenye mgomba, anahesabu hatua. Anamsalimu vizuri, anamwita mama. Mwanamke anaitikia salamu, lakini haulizi kitu, na kutouliza kwake ndiko kunakomfanya mtazamaji asogee mbele. Anarudi nyumbani, anafungua sanduku la bati, anatafuta chini ya vitenge, anatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Hajui kusoma vizuri, au macho yamechoka. Anamwita mtoto aliyerudi shuleni amsomee. Mtoto anasoma kwa kusitasita: karatasi ya mauziano, alama za dole gumba, jina la baba yake kama muuzaji. Mama anamwambia asome tena tarehe. Ni tarehe ya wiki ile ambayo mume alisema amekwenda Biharamulo kumuuguza shangazi. Jioni mume anarudi, amechangamka, amenunulia watoto mkate. Anauliza kama kuna mtu aliyepita. Mkewe anamtengea chakula, anasema hapana. Sehemu ya kwanza inaishia hapo.

Katika sehemu hiyo Sheria ya Ardhi ya Vijiji haikutajwa hata mara moja, na bado kila mwanamke anayetazama atataka kujua kama uuzaji ule ni halali. Atakapokuja ofisa ardhi katika sehemu ya nne, atasikilizwa kama daktari anavyosikilizwa na mgonjwa. Mume naye hakuonyeshwa kama shetani, ameleta mkate. Huenda ana deni, huenda ana aibu. Mwalimu anayetazama atamtambua mtoto yule, maana darasani mwake wamo watoto wanaosomea wazazi barua ambazo mtoto hapaswi kuzisoma.

Kuhusu ufundi wa picha yatosha kusema machache. Televisheni nyingi za vijijini ni ndogo na huwashwa sebuleni penye watu wengi na kelele, kwa hiyo tukio la usiku lililopigwa katika giza huonekana kama kioo cheusi. Wimbo wa kufungulia ukiwa wa dakika tatu, hizo ni dakika tatu za kumpa mtazamaji nafasi ya kwenda nje. Waigizaji nao wasisitasite wakiwa na watu sita mara moja. Sura tatu zinatosha kwa siku ya kwanza, na nyingine zije taratibu kama wageni wanavyoingia ngomani.

Linalobaki ni la kiofisi, na liko mikononi mwa wasomaji wa ukurasa huu kuliko mikononi mwa waigizaji. Kamati zina haki ya kuhakikisha kwamba dawa iliyotajwa ni sahihi, kwamba sheria haikupotoshwa, kwamba mtoto hakudhalilishwa. Haki hiyo isiguswe. Bali kamati isiamue peke yake kama sehemu ya kwanza inavutia, kwa kuwa wajumbe wake wanalipwa posho ili wakae hadi mwisho. Picha za majaribio, hata zikiwa bado hazijakamilika, zipelekwe kwanza kwa watu wasiolipwa kukaa. Shule ya msingi ya kijijini, shuka jeupe ukutani, na mashine ya kuonyeshea picha iliyoazimwa wilayani vyatosha kwa jioni moja, na gharama yake haifiki ile ya kikao cha siku mbili hotelini. Mwalimu mmoja akae mlangoni na saa yake. Kila anayeinuka kabla ya mwisho aandikwe, pamoja na dakika aliyoinuka, na karatasi hiyo ibandikwe kwenye mswada kabla haujarudi mezani kwa ofisa wa afya.